Mbuzi wa Jonah

Shangazi Kalondu ndiye aliyewaona wageni kwanza, na kwa kuwa Mungu hakumjalia kipawa cha kunyamaza, jikoni kote wakajua papo hapo.

"Wamekuja na pikapu," alisema, shingo yake ikiwa nje ya dirisha. "Mbuzi tatu. Mbili jike na beberu moja. Hiyo beberu imenona, inatembea kama mzee wa kanisa. Ndila, hebu funga hiyo leso vizuri. Leo unakuwa bibi ya mtu."

"Bado, shangazi. Beberu hajachinjwa."

"Atachinjwa. Umeona wapi beberu imetoka Kasikeu mpaka hapa Matinyani halafu ikarudi kwao?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka. Ndila naye akacheka, kisha akaiweka chini sufuria ya ndengu isije ikamponyoka.

Msichana wa Kikamba anaweza kupelekwa kanisani akavishwa pete na askofu mwenyewe, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajafika kwa baba yake, wazee watamhesabu bado kuwa msichana wa kwao. Mbuzi wakishafika, yule beberu akachinjwa, na nyama yake ikaliwa na pande zote mbili, basi, maneno yamekwisha. Ameolewa hata kama pete bado iko dukani. Ndiyo maana siku ile ya Agosti, mwaka wa themanini na saba, Ndila alikuwa ameomba ruhusa kwenye masomo yake Nairobi akaja nyumbani.

Alisogea mlangoni. Musembi alikuwa ameshuka nyuma ya pikapu, ameshika kamba ya beberu, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu linalompwaya mabegani. Alipoinua uso, macho yao yakakutana, na Ndila akatabasamu. Musembi alijaribu kutabasamu, kisha akainama kuifungua kamba ambayo haikuwa na fundo lolote. Ndila aliliona hilo. Kuona mambo ya namna hiyo ilikuwa baraka yake na msiba wake.

Watu wa Matinyani walisema Ndila anasoma wazimu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na saba, na kila shule zilipofungwa alipanda basi kwenda Nairobi kusoma saikolojia. Baba yake, Mzee Ndululu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole, aliwaeleza majirani kuwa ni elimu ya kusaidia watoto wakorofi. Ndila hakumsahihisha. Angewaambiaje watu kwamba alikuwa akijisoma mwenyewe?

Mama yake alifariki Ndila akiwa darasa la sita, akamwachia wadogo watatu. Akawa mama kabla hajawa msichana. Alijifunza kusikiliza hatua za baba yake uani na kujua kama anakuja na huzuni, ili aharakishe chai. Aliwafuta wadogo zake machozi, akawafulia, akawasomesha, na yeye mwenyewe hakulia, maana nani angekuwa na nafasi ya kumbembeleza? Kisha asubuhi moja, mbele ya darasa la nne, machozi yakaanza kumtoka katikati ya hesabu za kugawanya. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amefiwa. Yalimtoka tu, wala hakujua anamlilia nani. Mchungaji alimwombea na machozi yakakoma, lakini swali likabaki. Hapo ndipo alipokwenda kutafuta masomo hayo.

Darasani Nairobi walipewa zoezi moja ambalo Ndila hakulisahau. Mnakaa wawili wawili mnatazamana, mmoja anaanza kila sentensi kwa neno "nataka," na anaendelea hivyo mpaka kengele ilie. Mwenzake alikuwa Waithera, msichana wa Nyeri mwenye vicheko. Waithera alitaka gauni jekundu, alitaka kulala hadi saa nne, alitaka mama yake amwombe msamaha. Zamu ya Ndila ikafika.

"Nataka mdogo wangu amalize shule," alisema. "Nataka baba apone mgongo."

"Hizo ni za watu wengine," Waithera akamwambia. "Zako ziko wapi?"

Ndila alifungua mdomo na hakupata kitu. Walikaa wakitazamana mpaka kengele ikalia, na Waithera, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila jambo, hakufanya mzaha.

Mwaka uliofuata walirudia zoezi lile lile, na safari hii Ndila alisema sentensi moja tu: "Nataka Musembi." Waithera akaangua kilio cha furaha kana kwamba ni yeye anayeolewa.

Walikuwa wamekutana Mtito Andei. Basi la wanafunzi lilikuwa likielekea Mombasa, likasimama watu wanywe chai, na lilipotakiwa kuwaka likakataa. Fundi wa kituo cha petroli akaitwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mikono yenye akili. Lakini lori lililopita barabarani lilipopiga honi, mikono ile iliiachia spana ikaanguka.

"Unaogopa magari?" Ndila alimuuliza.

Musembi alimtazama kwa mshangao. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Naogopa," alisema.

"Na unafanya kazi hapa?"

"Ilikuwa kazi ya ndugu yangu."

Ndugu huyo alikuwa Jonah, kaka yake mkubwa, aliyekufa lori lilipopinduka kwenye barabara hiyo hiyo. Mama yao, Kalunde, alikuwa mjane mwenye watoto wa kiume wawili tu, akabaki na mmoja. Alimwambia Musembi: nenda ukakae mahali pa ndugu yako, pasibaki wazi. Musembi akaenda. Akarithi kazi, kitanda, na koti la kijivu. Jonah alikuwa akinywa strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari, basi na yeye akawa akipewa strungi bila sukari. Kitu kimoja tu kilikuwa chake mwenyewe: mizinga ya nyuki aliyoiweka Kasikeu, kwenye shamba la marehemu baba yao. Jonah aliogopa nyuki.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kalunde akichoka, au akiwa na wasiwasi, alimwita Musembi "Jonah," na Musembi aliitika. Siku Ndila aliposikia kwa mara ya kwanza alingoja mpaka wakabaki wawili.

"Akikuita hivyo, usiitike," alimsihi baadaye. "Nyamaza kwa heshima, ngoja akuite jina lako. Hutakuwa umemkosea. Utakuwa umemkumbusha tu kwamba ana mtoto anayeishi."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Niahidi."

"Siku mbuzi wangu wataingia kwenu," Musembi alikuwa amesema, "hilo jina sitaliitika tena. Nakuahidi, Ndila."

Leo mbuzi walikuwa wameingia.

Wageni waliketishwa chini ya turubai lililoazimwa kanisani. Ndila alitoka na birika la chai ya maziwa, tangawizi imekolea, kama Musembi alivyopenda alipokuja kumtembelea peke yake. Aliwamiminia wazee kwanza. Alipofika kwa Musembi alimjazia kikombe mpaka juu, na vidole vyao vikagusana kwenye mkono wa kikombe.

"Asante," Musembi alinong'ona.

"Yeye hanywi maziwa," Kalunde, mama yake Musembi, alisema.

Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwenye mkoba. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mama anayemkumbusha mwenyeji kwamba mtoto wake hudhurika akila kitu fulani. "Mpatie tu strungi, mwanangu. Bila sukari."

Ndila alimtazama Musembi. Musembi alikuwa amekipeleka kikombe karibu na midomo. Akakishusha, akakiweka chini polepole, pembeni ya kiatu chake.

"Haidhuru," alisema. "Sina kiu."

Kisha msemaji wa wageni akasimama. Alikuwa Mzee Nzioka, ami yake Musembi, mtu mnene mwenye fimbo. Alisalimu, akamshukuru Mungu kwa safari, akasifu maji ya Matinyani ambayo hakuwa amekunywa. Baada ya hapo akakohoa.

"Ndululu, tumeleta mbuzi tatu ya ntheo. Tumeleta kuuliza msichana wako. Na tumeleta kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, Jonah wa Kalunde."

Hata shangazi Kalondu alinyamaza.

"Jonah?" Mzee Ndululu aliuliza kwa sauti yake ya upole. "Jonah si yule mlizika?"

"Ni yeye. Alienda bila bibi, bila mtoto. Wewe ni Mkamba, unajua. Mtu wa kwanza wa nyumba akipotea hivyo, jina lake inakaa nje kwa baridi. Sasa Mungu ametupatia msichana. Musembi ndiye atakuwa hapo nyumbani, atawasha moto, atalima. Lakini nyumba ni ya Jonah na watoto ni ya Jonah."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Nzioka."

"Hata sisi tumeokoka. Kanisani ataandikwa bibi ya Musembi, hakuna mtu atauliza. Hii ni maneno ya nyumbani."

"Na Musembi mwenyewe? Nyumba yake ni gani?"

"Yake itakuja baadaye."

"Baadaye gani? Kanisa si inajua bibi moja?"

Mzee Nzioka alikohoa tena, na safari hii kikohozi kilichukua muda mrefu.

Ndila hakuwa akiwatazama wazee. Alikuwa akimtazama Musembi, akimngoja ashtuke, asimame, aseme hapana, ami, umekosea. Musembi alikuwa akitazama kikombe kilichokuwa pembeni ya kiatu chake. Hakushtuka hata kidogo. Alijua. Alikuwa amepanda pikapu ile Kasikeu akijua, na kufunga kamba akijua, na kumtazama mlangoni akijua. Ndila alihisi kitu kikimkatika ndani, mahali ambapo masomo hayafiki.

"Baba," alisema, "kabla hujaniuliza, naomba niongee na Musembi."

Walisimama nyuma ya ghala, mahali ambapo kuku walikuwa wakijichimbia vumbi. Musembi alinyoosha mkono kumshika, Ndila akaikunja mikono yake kifuani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani mwaitu atabadilisha mawazo." Mwaitu ndivyo alivyomwita mama yake, kama Wakamba wote. "Halafu nikadhani wewe utaelewa. Si wewe ndiye unaelewa watu?"

"Nikuelewe mpaka wapi, Musembi?"

"Ni maneno tu, Ndila. Mbuzi ni mbuzi. Pete itakuwa yangu. Mkono wa kukuvisha ni wangu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na mtoto wetu akienda shule, akiulizwa jina la baba yake? Mimi ndiye mwalimu. Mimi ndiye huandika hayo majina. Niandike nini?"

Musembi alifikicha macho. "Wewe utaniita Musembi. Mtu mmoja tu akiniita hivyo, inanitosha."

Ndila aliyasikia maneno hayo yakimwingia mwilini mwote. Alitaka kumkumbatia mtu huyu aliyeridhika na kidogo hivyo. Alitaka kumwambia njoo, hakuna shida, mimi nitabeba. Alikuwa na nguvu za kubeba, alikuwa amebeba tangu darasa la sita. Na kwa sababu alijifahamu sasa, alijua hilo ndilo jambo la kuogopa.

"Hainitoshi mimi," alisema.

"Nikikataa, mwaitu atakufa."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Musembi, nitazame. Unataka nini? Si mama. Si Jonah. Usiseme hata mimi kama si kweli. Wewe unataka nini?"

Uso wa Musembi ulibadilika. Ndila hakuwa amewahi kumwona na hasira, wala hakujua kwamba hasira yake ingekuwa ya chini chini hivyo, karibu na kilio.

"Usinifanyie hiyo," alisema. "Hiyo maneno ya darasa. Nataka, nataka. Mimi si mwanafunzi wako. Wakati mwingine najiuliza, Ndila, wewe ulinipenda ama ulikuwa unanisoma?"

Swali lilimpata vibaya, kwa sababu alikuwa amejiuliza hilo hilo mara nyingi, kitandani kule hosteli, Waithera akikoroma ng'ambo ya chumba.

"Mwanzoni nilikusoma," alikiri. "Nilikuona umevunjika, nikafurahi. Watu waliovunjika ndio najua kukaa nao. Hiyo ndiyo shida yangu, nimelipa karo ndiyo nikaambiwa." Alijaribu kucheka. "Halafu ukaja na asali. Unakumbuka? Nyuki walikuwa wamekuuma hapa juu ya jicho, jicho limefumba, na ulikuwa unacheka. Nikasahau kusoma. Nikakutaka tu. Hujui ilivyokuwa kwangu kutaka kitu."

"Basi kubali."

"Siwezi kumkubali Jonah. Yule aliyecheka na jicho moja ndiye niliyemkubali."

"Na nikimkataa Jonah, mimi ni mtu wa aina gani? Yeye alikufa kwa lori akitutafutia chakula. Mimi niko hai. Nimlipe na nini?"

Ndila alikuwa amesoma kwamba wanaobaki hai hujilaumu kwa kubaki, angeweza hata kueleza kwa nini. Lakini kujua kwa nini jeraha linauma hakulifanyi lisiume, na aliyesimama mbele yake hakuwa mfano wa darasani. Alikuwa Musembi wake, koti la marehemu linampwaya, machozi yanamchirizika kwenye vumbi la safari. Akamfuta kwa ncha ya leso.

"Sijui," alimwambia. "Kweli sijui, mpenzi."

Waliporudi, beberu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya turubai, na kijana wa kuchinja alikuwa ameshanoa kisu. Mzee Ndululu akamwita binti yake asimame mbele yake.

"Ndila, mama yako angekuwa hapa, angekuuliza yeye. Hawa watu unawajua. Umesikia walivyosema. Tupokee mbuzi, ama tusipokee?"

Kabla Ndila hajajibu, Kalunde alisimama. Alivuka uwanja akaja akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu, viganja vya mwanamke aliyelima peke yake.

"Mwanangu," alisema, "wanasema wewe umesoma roho ya watu. Basi soma yangu. Jonah anakuja kwa ndoto. Anasimama hapo mlangoni na nguo ya kazi. Ananiuliza, mwaitu, nyumba yangu iko wapi? Nimekuwa nikiomba, nimefunga, mchungaji ameweka mikono. Anarudi. Niambie wewe. Mtoto akikuuliza hivyo, utamjibu nini?"

Alikuwa akilia bila sauti. Ndila alihisi mwili wake wote ukiinuka kumfuta mama huyu machozi. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lilikuwa neno rahisi, alilisema maisha yake yote, na kila aliposema mtu fulani aliacha kulia. Yeye ndiye aliyesimama baadaye mbele ya darasa la nne akilia bila kujua sababu.

"Mama," alisema, "siwezi kujua utamjibu nini. Mimi pia mama yangu huja kwa ndoto. Lakini wewe una mtoto mwingine, na yeye pia anauliza nyumba yake iko wapi. Anauliza akiwa macho, na hakuna mtu anamsikia."

Kalunde aliachilia mikono yake.

"Baba," Ndila akaendelea mbele ya watu wote bila aibu, "mimi nampenda Musembi. Sijawahi kumpenda mtu mwingine. Waseme upya. Waseme mbuzi hawa ni wa Musembi wa Kalunde, hayo tu, na mimi nitawapokea sasa hivi, na huyo beberu nitamshika miguu mimi mwenyewe akichinjwa."

Mzee Ndululu alimgeukia Musembi. "Kijana. Umesikia. Mimi sitauliza ami yako, nauliza wewe. Mbuzi ni ya nani?"

Watu wote walimtazama. Shangazi Kalondu alikuwa amefunga macho, midomo ikienda katika maombi. Musembi alisimama. Alimtazama Ndila, na katika macho yake kulikuwa na kila kitu: Mtito Andei, asali, chai ya tangawizi, watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Ndila alimtazama naye, akimvuta kwa macho kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka kisimani. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema jina lako tu.

Musembi akageuza macho akamtazama mama yake.

"Mzee," alisema, "mwaitu ana shida ya moyo."

Akaketi, na mguu wake ukagonga kikombe lakini kikombe hakikumwagika.

"Basi fungueni beberu," Mzee Ndululu alisema. "Wageni wetu watakula ndengu, safari ni ndefu. Mbuzi watarudi kwao."

Hakuna aliyekula. Mbuzi walipandishwa pikapu mmoja mmoja, na beberu aliyenona alipandishwa wa mwisho, akilia njia nzima. Shangazi Kalondu aliyesema kwamba hakuna beberu wa kurudi Kasikeu alishika mlango wa jikoni akiwatazama. Mzee Nzioka aliketi mbele na dereva, Kalunde katikati yao, uso umefunikwa na kitambaa cheupe. Injini ikawaka.

Musembi alikuwa bado langoni. Alirudi hatua chache mpaka aliposimama Ndila. Vumbi lilikuwa limeanza kupanda.

"Ndila," alisema. "Mimi nata..."

Ndila aliisikia ile sentensi ikija, ikitoka mbali, sentensi ambayo mtu huyu hakuwa ameisema tangu azaliwe. Aliona shingo yake ikijitahidi. Alijua kwamba ikifika mwisho atamfuata, kwa miguu ikibidi, mpaka Kasikeu, bila mbuzi, bila wazee, bila pete.

"Jonah," Kalunde aliita kutoka kwenye gari, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Jonah, tunachelewa."

Musembi alibaki kimya. Alikuwa akimtazama Ndila, na Ndila alijua kwamba anaikumbuka ahadi, na kwamba anajaribu, anajaribu kwa nguvu zake zote. Kimya hicho kilikuwa kifupi, lakini ndicho kitu kizuri zaidi alichowahi kumpa.

"Naam, mwaitu," Musembi akaitika.

Akapanda nyuma ya pikapu, akaketi kati ya mbuzi, akamshika beberu shingoni asianguke. Hakuinua uso tena. Pikapu ilishuka kuelekea barabara ya Kitui, na koti la kijivu lilionekana mpaka kwenye kona ya shule, kisha halikuonekana.

Ndila alirudi uwanjani. Chini ya turubai kilikuwepo kikombe kimoja kilichojaa, chai imepoa, maziwa yameshika utando juu. Alikiokota kwa uangalifu asimwage, akakibeba kwa mikono miwili mpaka jikoni, na alipofika hapo hakujua akiweke wapi.

Wanawake walikuwa wameondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Shangazi Kalondu tu ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko. Alimtazama mtoto huyu wa kaka yake, ambaye alikuwa amemwona akizika mama bila kulia, akilea bila kulia. Akakichukua kikombe mikononi mwake, akakiweka juu ya meza.

"Ndila, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Nikupatie maji? Ulale kidogo? Unataka nini?"

Ndila alifikiri. Alitafuta ndani yake, kama alivyofundishwa, akipita baba, akipita wadogo zake, akimpita yule aliyekuwa akienda mbali kati ya mbuzi, mpaka akafika.

"Nataka kulia, shangazi."

Shangazi Kalondu aliinuka, akafunga mlango wa jikoni, akarudi akaketi, akatandika leso mapajani pake ili Ndila alaze kichwa.